Pikapu Yako ya Zamani Ibebe Kilo Ngapi?

Karibuni. Leo tuko gereji hapa Igoma, Mwanza, na pikapu ya zamani, kebini moja. Mwenyewe anabebea saruji na mchanga, anataka kujua mwisho wake. Tumpigie hesabu.

Chukua kadi ya gari. Tafuta uzito wa juu kabisa, gari na mzigo pamoja. Hii ni kilo 2,500. Likiwa tupu ni 1,500. Toa, inabaki 1,000. Wengi wanaishia hapo, wanasahau kwamba dereva na utingo nao ni mzigo. Toa 150. Imebaki 850, yaani mifuko 17 ya saruji ya kilo 50. Kama umechomelea keria ya vyuma, nayo itoe.

Lakini hiyo ni hesabu ya gari jipya. Ingia uvunguni na tochi. Gongagonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa nyundo, hasa pale springi zinaposhikia. Waliobeba kayabo, samaki wa chumvi, waangalie zaidi, chumvi inakula chuma. Kutu ikibanduka vipande vipande, usipakie kitu mpaka fundi aitengeneze.

Springi nazo: tafuta jani, yaani bamba la springi, lililopasuka. Na hapa naomba mnisikilize vizuri ndugu zangu, maana watu wanaumia. Ukiongeza majani ya springi, gari litanyanyuka nyuma, ila ekseli, breki na chesisi ni zilezile. Hujaongeza hata kilo moja.

Sogeza kamera kwenye tairi. Namba hii iliyo kabla ya herufi ya mwisho inasema tairi linabeba kiasi gani. 91 ni kilo 615. 104 ni kilo 900, upepo ukiwa kamili. Ukifunga nyuma tairi za gari dogo kwa sababu ni za bei rahisi, umeshapunguza mzigo wako.

Mzigo usiupime kwa macho. Dagaa wakavu wanajaa mpaka juu, gari bado jepesi. Mchanga mbichi, mita moja ya ujazo inakaribia tani 2; bodi ikifika nusu tu, umeshapitiliza.

Kwa gari la umri huu, badala ya ile mifuko 17 ya saruji, mimi naishia 14.

Panga mizito mbele ya ekseli ya nyuma, ielekee kebini. Ikikaa mkiani, pua inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Funga kamba, kisha jaribu breki hapahapa kwenye tambarare. Kama pedali inazama, shusha mzigo kabla hujaukuta mteremko.