Akses pointi haijiungi na kontrola? Usikimbilie kununua mpya

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena. Leo tuko Jambiani, nyumba ya wageni, bahari iko hapo nyuma mnaisikia. Kazi yenyewe hii: akses pointi sita za UniFi, vile vifaa vya kurushia Wi-Fi. Nne zinafanya kazi. Ya barazani iliongezwa msimu uliopita na kontrola, programu ya kompyuta inayoziongoza zote, haijapata kuiona hata siku moja. Ya ghorofani inaonekana, lakini kontrola inasema ina mwenyewe mwengine. Bimkubwa mwenye nyumba ameshaambiwa anunue mbili mpya. Bimkubwa, funga pochi kwanza.

Tuanze na ya barazani. Kabla hujagusa kompyuta, tazama taa. Nyeupe iliyotulia, kifaa kizima, kinasubiri kupokelewa na kontrola. Buluu iliyotulia, kimeshajiunga. Hii yetu... dogo, leta tochi... haina taa kabisa. Basi habari za IP na paswedi ziweke pembeni, hatujafika huko. Huu ni umeme.

Umeme wake unapita kwenye waya huohuo wa mtandao, ndiyo hiyo PoE. Angalia lebo ya nyuma. Baadhi ya zile za zamani zinataka volti 24 kutoka kwenye injekta yake, kile kisanduku kinachotia umeme kwenye waya. Nyingi za sasa zinataka PoE ya kiwango cha 802.3af, ambayo swichi inatoa mpaka wati 15.4 kwa porti, au 802.3at, mpaka wati 30. Ya volti 24 ukiichomeka kwenye swichi ya af haiwaki, na watu wanaitupa ikiwa nzima. Hapa lebo inasema af, swichi ya barazani nayo af. Tupite.

Nachomoa kichwa cha waya... ngoja. Ngoja ngoja ngoja. Sogeza kamera. Mnaona ukijani huo kwenye pini? Chumvi hiyo. Kichwa kimekaa uso kwa uso na bahari, hakina hata mpira wa kukikinga. Pini zenye umeme ndizo zinazoliwa mwanzo. Usizikwangue, usipake mafuta, kata. Kata mpaka shaba ing'ae; ikiwa nyeusi, endelea kukata. Kubana mnajua, nyuzi kwa mpangilio huu: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Haya, nimemaliza.

Nauza waya, hilo mnalijua, kwa hivyo msinisikilize mimi, sikilizeni kisu. Ukinunua waya popote, kwangua uzi mmoja palepale dukani. Nyekundu mpaka ndani, shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa PoE hiyo inakula volti njiani. Muuzaji akinuna, mwachie waya wake.

Nachomeka. Taa inapepesa, iache iwake kwa nafasi yake. Bimkubwa kashatuletea urojo. Mimi wangu bajia chache, ukali wa embe uwe mwingi, atakayebisha aandike hapo chini.

Imetulia, nyeupe. Kontrola... bado haiioni. Vizuri sana, sasa ndipo penye utamu.

Kifaa kimepata IP gani? Kikikosa DHCP, yaani ruta ya kukigawia IP, kinajikalia kwenye 192.168.1.20. Hiki kimepata 192.168.0.103. Kontrola iko kwenye kompyuta ya mapokezi, 192.168.1.10. Sifuri kule, moja huku. Kwa nini? Fuata waya... huu hapa, nyuma ya friji ya soda. Kuna mtu waya ulimwishia, akaungia karuta kadogo katikati, kabla ya swichi ya barazani. Karuta kanagawa IP zake kenyewe. Kontrola na akses pointi zinaitana kwa kupiga kelele ndani ya mtandao mmoja, porti ya UDP 10001, na kelele hiyo haivuki ruta.

Dawa nzuri ni kuzima DHCP ya karuta na kuhamisha waya kutoka porti ya WAN, ya kupokelea intaneti, kwenda LAN, ya mtandao wa ndani, kabaki swichi tu. Tutafanya mwishoni, wageni wanaitumia sasa hivi. Kwa sasa tuielekeze kwa mkono. Laptopu naichomeka kwenye karuta hakahaka, nafungua SSH, yaani naingia ndani ya kifaa kwa kuandika amri:

ssh ubnt@192.168.0.103

Paswedi ya kiwandani nayo ni ubnt. Andika info. Soma mstari wa mwisho: inatafuta http://unifi:8080/inform. Yaani inamuulizia mtu anayeitwa unifi, na humu ndani hakuna anayemjua. Sasa hapa tulieni, acheni kula:

set-inform http://192.168.1.10:8080/inform

Ni http. Si https. Ni 8080. Si 8443! Hiyo 8443 ni ya wewe kufungulia kontrola kwenye brauza, kwa hivyo usinakili anwani kutoka juu ya brauza, nakuomba. Na IP ni ya kontrola, siyo ya ruta, siyo ya kifaa chenyewe. Narudia: http, IP ya kontrola, 8080, inform. Ukikosea herufi moja inakujibu vizuri tu, halafu hakuna kinachotokea.

Andika info tena. "Server Reject". Usishtuke, hii ni habari njema: kontrola imeisikia, inasubiri ukubali wewe. Nenda kwenye kontrola, hiyo hapo, bonyeza "Adopt". Kwenye kontrola za zamani, ukishabonyeza rudi uandike set-inform ileile mara ya pili. Na kama kwako hata ya kwanza haijaingia, tazama faiwoli, ile kinga ya mtandao, kwenye kompyuta ya kontrola: TCP 8080 na UDP 3478 ziwe wazi.

Buluu! Haya.

Ya ghorofani. Hii ilipokelewa na kontrola ya fundi aliyetangulia, na fundi keshaondoka na paswedi zake. Kama kontrola ya zamani ipo, iondoe kutoka kule. Haipo? Iriseti: umeme uwepo, kipini cha simu kwenye kitundu, shikilia kama sekunde 10 mpaka taa ibadilike. Njiti ya meno hapana, inakatikia ndani. Na taa ikiwa inabadilishana nyeupe na buluu, usiiguse, inapandisha programu yake. Ukikata umeme hapo umejitafutia. Yetu... imezima, inawaka, nyeupe, na kontrola imeiona yenyewe. "Adopt". Imekwisha.

Kitu cha kufanya kabla hujashuka kwenye ngazi: kompyuta ya kontrola ifungie IP yake kwenye ruta, isihamehame. Halafu, kama ruta yako inakubali, weka jina unifi kwenye DNS, daftari la majina la mtandao, lielekee kwenye IP hiyo. Au tumia chaguo namba 43 la DHCP kwenye ruta, kwa 192.168.1.10 unaandika 01:04:C0:A8:01:0A. Baada ya hapo kifaa kipya kinajiendea chenyewe, SSH huihitaji.

Waya wa barazani uache uning'inie kidogo chini ya kichwa kabla haujaingia, maji ya mvua yadondokee hapo. Waya na vichwa vyenye mpira vipo dukani Darajani. Dogo, shika ngazi, na hiyo bajia iweke chini kwanza.