Kusaga Wino kwa Mkono: Jiwe, Mche na Brashi za Korea

Karibuni watazamaji. Leo tunasaga wino kama walivyousaga wasomi wa Korea enzi za ufalme wa Joseon. Mezani nina munbangsau, yaani marafiki wanne wa chumba cha kusomea: karatasi ya hanji, brashi, mche wa wino uitwao meok, na jiwe la kusagia, byeoru. Hili ni jiwe jeusi liitwalo la Nampo, linatoka mji wa Boryeong, Korea Kusini.

Litazameni kwa karibu. Huku ni bapa, huku limechongwa shimo; hilo ni bwawa lake, yeonji.

Tuanze na maji. Chombo hiki kidogo cha kauri ni yeonjeok, kina matundu mawili. Ziba moja kwa kidole, maji hayatoki. Achia, tone hilo! Matone mawili matatu yanatosha, ya maji baridi.

Sasa shika mche wima, uuzungushe polepole kwenye bapa. Usikandamize. Mche huu ni masizi ya msonobari yaliyokandwa na gundi ya ngozi; ukiubana, hutoa chembe na wino unakuwa na vumbivumbi. Legeza mkono. Mnasikia? Mwanzo jiwe linakwaruza, halafu sauti inafifia kadiri wino unavyokolea. Mimi husaga kama dakika kumi, na nawaombeni sana msiharakishe hapa, kwani mkono nao unatulia kabla ya kushika brashi. Mche ukipita na kuacha njia isiyojifunga upesi, wino umeiva. Usukume bwawani, ongeza tone, endelea.

Mche usiuache umelala juu ya jiwe. Gundi itanata, na ukiubandua unaweza kulimega. Ufute, ukauke kivulini.

Brashi yangu ni ya manyoya ya mkia wa kicheche. Ichovye, ikamue ukingoni, andika ukiishika wima. Hanji hutengenezwa kwa magome ya aina ya mforosadi na hunywa wino haraka: ukisita, doa linatanuka.

Osha jiwe siku hiyohiyo, wino uliolala hunuka. Brashi ni maji baridi tu bila sabuni, kisha itundike ncha ikitazama chini.

Na wewe msafiri, hiki ni haengyeon, jiwe la safari lenye kifuniko, linaenea kiganjani. Hatua ni zilezile, ila saga kidogo, kiasi cha barua moja, na ulikaushe kwa kitambaa kabla ya kulirudisha mfukoni.