Sinki la jikoni limeziba, leo tunazibua wenyewe hapa Minneapolis

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Leo nipo besimenti, kwa hiyo mkisikia mwangwi msishangae. Nyumba nyingi za huku zina chumba kama hiki chini ya ardhi, na mabomba ya majitaka yanapita juu ya kichwa kabla ya kushuka sakafuni. Mnaliona hili jeusi? Chuma cha zamani, inchi mbili, linatoka sinki la jikoni. Ndilo lililoziba.

Najua mtaniuliza, kwani Marekani hakuna mafundi? Wapo, tena wazuri. Ila Jumamosi jioni, fundi akikanyaga tu kizingiti ameshakuandikia hela, spana hajaigusa. Mimi mtoto wa Tandika, chemba nimezibua tangu mdogo.

Dawa ya chupa sijamwaga, na ninyi msimwage. Nyingi ni kostiki, ileile wanayopikia sabuni. Bomba likiziba kabisa dawa haiendi popote, inasimama juu ya uchafu ikikusubiri ufungue bomba ikurukie machoni. Na ukiwa umemwaga yenye asidi, ukaongeza Jiki juu yake, inatoka gesi ya klorini. Humu chini utakimbilia wapi?

Kabla ya kushika kifaa chochote nimeyapima maji kwanza. Bafuni yanapita. Nikavuta choo huku mtu anachungulia tundu la sakafuni hapa: kimya, hakuna kububujika. Basi bomba kubwa la inchi nne linaloelekea barabarani ni zima. Lingekuwa lenyewe, uchafu ungeibukia hapa, maana ndipo chini kuliko pote. Hapo ningezuia watu wote wasitumie maji, nikaita fundi bila kubisha, kwa sababu kule mara nyingi ni mizizi ya miti imeingia kwenye maungio.

Sasa hiki kizibo cha shaba kwenye bomba la jikoni ndiyo mlango wetu. Ndoo chini, unalegeza taratibu. Mnaona yanavyochuruzika? Bomba limejaa hadi hapa, kwa hiyo palipoziba ni mbele ya kizibo, kule maji yanakoelekea. Ningehangaika na waya wa kuzibulia kule juu, chini ya sinki, ningepoteza jioni nzima kwenye kona.

Mashine hii nimeikodi duka la vifaa vya ujenzi. Waya umeviringishwa ndani ya pipa, mota inauzungusha, unawasha kwa mguu ili mikono ibaki kwenye waya. Glavu za ngozi, tafadhali, kitambaa kinasokotwa pamoja na kidole. Ukigota usisukume kwa hasira. Waya ukianza kujikunja kama kamba ya kisimani, toa mguu, rudisha nyuma kidogo, halafu jaribu tena.

Hapo! Umesikia? Maji yameshuka. Wengi hapa ndipo wanapofunga na kwenda kulala, na baada ya wiki chache wanarudi palepale. Tumetoboa tundu tu, mafuta bado yameganda ukutani pande zote. Mafuta ya maandazi yanaondoka sinkini yakiwa moto, yanakutana na bomba lililopita ukuta wa nje, na nje huko ni barafu tupu. Chuma chenyewe kimeparuza kwa kutu, yanapata pa kushikia. Kwa hiyo nimebadilisha kichwa cha waya, nimeweka chenye visu vipana karibu sawa na bomba, napitisha tena, kisha naurudisha waya huku maji yanapita kidogo ili uje umeoshwa. Tazameni hii kitu ya kijivu. Harufu yake siwezi kuwatumia, shukuruni Mungu.

Kizibo nakizungushia tredi tepu, nafunga, na jikoni tunajaza sinki maji ya moto tunayaachia kwa mpigo. Yanakwenda, hata hayasiti.

Haya, mashine lazima ifike dukani kabla hawajafunga, na wakiikuta chafu wanakata hela ya usafi. Shemeji yenu ameshashika brashi, mimi nibebe pipa.