Guatemala kwa Mlango wa Iliki

Wadau, habari zenu. Na ndugu zetu wa Maskati na Dubai, salamu maalumu, maana video ya leo inawahusu kuliko wengine. Hiyo kahawa mnayomiminiwa kwenye vikombe vidogo, iliki yake huenda kabisa haikutoka India, wala Unguja, wala Amani kule Muheza. Ilivuka bahari kutoka Guatemala, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza iliki nje. Na wenyewe hawaili! Ingia jikoni kwa mkulima wa iliki: utakuta maharage, kahawa nyepesi ya sukari na mikate myembamba ya mahindi. Iliki, hata punje.

Tazama ramani hapa. Guatemala imepakana na Mexico, ina kilomita za mraba 108,889, yaani Tanzania inaimeza karibu mara tisa. Kusini, kando ya Pasifiki, ni tambarare ya joto: miwa ya Escuintla, ndizi, michikichi. Ukipanda kidogo unakuta volkano, 37 kwa hesabu yao. Tajumulco inapita mita 4,200, na Amerika ya Kati nzima haina mlima mrefu kuliko huo. Volkano ya Fuego ndiyo iliyofukia kijiji cha San Miguel Los Lotes kwa majivu ya moto tarehe 3 Juni 2018. Majivu hayohayo, yakishapoa miaka mingi, ndiyo udongo wa kahawa ya Antigua. Kaskazini kabisa ni Petén, msitu na magofu ya Tikal, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hii.

Iliki iko katikati, mkoa wa Alta Verapaz, mji wake Cobán. Huko kuna manyunyu yasiyokatika ambayo wenyeji huyaita chipi-chipi. Mmea huu unataka kivuli, unyevu na ubaridi kiasi, na kule unavipata vyote. Aliyeuleta kutoka Asia ni mlowezi wa Kijerumani, Oscar Majus Kloeffer, kwenye miaka ya 1910. Leo wanaoulima zaidi ni wakulima wadogo Wamaya wa kabila la Q'eqchi'.

Ngoja nisimame hapa, maana wengine wanadhani Wamaya walikwisha zamani wakaacha mawe. Sensa ya 2018 ilihesabu watu milioni 14.9, na zaidi ya 4 katika kila 10 walijitaja kuwa Wamaya. Lugha za Kimaya ni 22, na si lahaja: Mk'iche' na Mq'eqchi' hawaelewani kama vile Mnyakyusa na Msukuma. Hawana Kiswahili chao. Wakikutana sokoni, wengi huokolewa na Kihispania, lugha ya mkoloni.

Turudi shambani. Unapanda, unasubiri karibu miaka mitatu ndipo uchume. Maua hutoka chini, shinani, kwenye vishada vinavyotambaa ardhini, kwa hiyo uchumaji wote ni wa kuinama. Matunda ya kishada kimoja hayakomai pamoja, ndiyo maana mchumaji hurudi kwenye shina lilelile mara kadhaa kwa msimu. Akichuma changa mno, punje ndani ni nyeupe na hazina harufu. Akichelewa, ganda linapasuka.

Halafu kukausha, na hapa ndipo pesa inapopotelea. Kilo 5 hivi za iliki mbichi hutoa kilo 1 kavu. Hukaushwa kwa hewa ya moto wa kuni, nyuzi 45 hadi 50, usiku na mchana. Moto ukizidi, ganda hugeuka njano na kupasuka. Na mbichi ikilala kwenye gunia inapata joto na kupoteza ukijani, ilhali mnunuzi wa Ghuba analipia ukijani. Kuna na thripsi, kidudu kinachokwaruza ganda likiwa changa, likikomaa linabaki na ukurutu. Punje ndani nzima, lakini bei imeshaanguka.

Sasa mkulima mdogo hana tanuri. Mzigo wake hauwezi kusubiri, kwa hiyo anauza mbichi siku ileile, kwa bei atakayoambiwa na mchuuzi wa kati. Huyo mchuuzi wanamwita coyote. Shikilia hilo neno.

Ardhi nayo ina kidonda. Panzós, bondeni mkoani humohumo, Mei 1978 jeshi liliwafyatulia risasi wakulima wa Q'eqchi' waliokuja kudai mashamba, wakafa makumi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1960, vikaisha kwa mkataba wa Desemba 1996, na waliouawa au kupotea wanakadiriwa kuwa 200,000. Wengi wao Wamaya.

Chakula? Mahindi huchemshwa na chokaa, hulowekwa usiku kucha, huoshwa, kisha husagwa yakiwa na maji. Chokaa inalegeza ganda na kuifungua vitamini B3, ambayo kwenye ugali wetu hubaki imefungwa. Ni ujuzi wa maelfu ya miaka. Hata hivyo karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, kwa sababu mahindi peke yake, hata yakiandaliwa vizuri namna gani, hayajengi mtoto.

Kahawa, sukari, ndizi, iliki, nguo za viwandani: vyote vinasafirishwa nje, kupitia Puerto Quetzal upande wa Pasifiki, au Puerto Barrios na Santo Tomás upande wa Karibi. Lakini kinacholisha nyumba nyingi ni pesa zinazotumwa na jamaa walioko Marekani. Mwaka 2023 zilipita dola bilioni 19, karibu moja ya tano ya uchumi wote. Na yule anayemvusha kijana mpakani kwa malipo, akimwacha baba yake na deni la kuweka shamba rehani, naye anaitwa coyote.