Karani Asiwe wa Mwisho Kuiona Programu

Walimu wetu, na ninyi vijana wa fani ya programu mliofika hapa Kampala, asanteni kwa kunikaribisha.

Mtindo wa maporomoko (waterfall) wa kujenga programu mnaujua, hatua moja baada ya nyingine: kukusanya mahitaji, kusanifu, kuandika programu, kujaribu, kukabidhi. Hatua ikifungwa imefungwa. Wengi humtaja Winston Royce, mhandisi wa programu wa Marekani, na makala yake ya mwaka 1970, kana kwamba ndiye aliyetuamuru tuufuate. Sivyo. Royce aliuchora mfuatano huo, kisha akaonya kwamba kuufuata hivyo ni hatari, maana majaribio yanakuja mwishoni. Akashauri programu mpya ijengwe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia. Watu wakabeba mchoro, onyo wakaliacha.

Tuseme tunajenga programu ya kusajili wagonjwa katika kituo cha afya. Mahitaji yanasainiwa Januari: bila namba ya simu, fomu haihifadhiki. Mwaka unapita, programu inakabidhiwa. Anafika mama na mtoto mgongoni, hana simu. Foleni ni ndefu. Karani anajaza namba yake mwenyewe, na kwa asiye na simu anayefuata vilevile. Miezi michache baadaye, vikumbusho vya chanjo za watoto wa watu vinaingia kwenye simu ya karani! Na majaribio yote yalifaulu, kwa kuwa yalipimwa kwa karatasi ya Januari. Jambo ambalo karani angelisema siku ya kwanza, sasa linadai kufumua hifadhidata na ripoti, na fedha zimekwisha.

Hata sheria hazitungoji. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza ushuru wa asilimia 1 kwenye miamala ya pesa kwa simu. Kabla ya mwaka kwisha ukashushwa hadi asilimia 0.5, tena kwenye kutoa pesa tu. Aliyefunga mahitaji yake mwezi Julai angefanyaje?

Kazi ambayo mahitaji yake yametulia kweli, maporomoko yanaifaa. Kinachoniuma ni mikataba yetu. Hati ya mahitaji imekamilika, lipa. Hati ya usanifu, lipa. Na mtumiaji bado hajagusa chochote. Ninyi mtakaoandika zabuni, nawasihi: malipo ya kwanza yafungwe kwenye kipande kinachofanya kazi, hata kama ni kusajili mgonjwa tu, karani akikitumia siku ya foleni. Na fungu la marekebisho liandikwe humo humo mkatabani, kabla ya saini.