Jinsi ya Kumtambua na Kumtazama Kamoshika Msituni

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Leo nipo milimani Nagano, katikati ya kisiwa cha Honshu, Japani. Ni saa moja asubuhi, na theluji imelala chini tangu juzi. Nimekuja kumtafuta kamoshika, na ninataka mpaka mwisho wa video hii nawe uweze kumtafuta bila kumsumbua.

Tuanze na jina, maana linapoteza watu wengi. Ndani yake mna neno "shika", na hiyo si ya kushika. Kwa Kijapani shika ni yule mnyama mwenye pembe za matawi anayezidondosha kila mwaka. Kamoshika si wa ukoo huo. Ni ndugu wa mbuzi na kondoo, pembe zake hazina matawi wala hazidondoki maisha yake yote. Anaishi Japani tu: Honshu kwa wingi, na wachache waliobaki Shikoku na Kyushu. Ukienda Hokkaido kumtafuta utarudi mikono mitupu. Kwa kupenda magenge atakukumbusha mbuzi mawe wa kwetu, na kwa kupenda msitu wa mlimani atakukumbusha minde wa Kilimanjaro na Udzungwa.

Sasa maandalizi. Chagua majira ambayo majani yameshapukutika, kuanzia mwisho wa vuli mpaka mwanzo wa masika ya huku. Kiangazi msitu hufunga kama pazia, mnyama anaweza kuwa hatua thelathini kutoka ulipo usimwone. Chukua darubini, ya kukuza mara 8 inatosha. Vaa koti lisilochakarisha. Katika miezi ya joto funga kengele kwenye begi kwa sababu ya dubu: iache ilie ukiwa unatembea, ukisimama kutazama ishike mkononi inyamaze. Majira ya baridi kali dubu wengi wamelala mapangoni, lakini theluji ina hatari yake. Usikatize mteremko mkali ulio wazi baada ya theluji nyingi kuanguka, na usiende peke yako.

Haya, tumeingia msituni. Usianze kumtafuta mnyama mwenyewe, tafuta kwanza dalili zake. Tazama hapa chini ya mti: punje nyeusi, ndogo kama maharage, zimerundikana mahali pamoja. Kamoshika husimama palepale akamaliza haja yake yote, punje mia na zaidi, na hurudi mahali hapohapo siku nyingine. Shika, yule wa pembe za matawi, mara nyingi huangusha huku akitembea, punje zikatawanyika njiani. Nyayo usizitegemee sana, maana kwato za wawili hawa zinafanana mno, hata wazoefu hukosea.

Dalili ninayoipenda kuliko zote ni hii hapa. Sogea karibu na kamera. Unaona hiki kijiti kilichotokeza, kimo cha kiuno changu? Ncha yake inang'aa, ina utando mwembamba unaonata. Mbele ya kila jicho kamoshika ana tezi, uvimbe mdogo kama kidonda kilichopona. Hupita akiisugua tezi hiyo kwenye vijiti na mashina kuweka mpaka wa eneo lake. Ngoja ninuse. Harufu ni chachu, yenye utamu kwa mbali, kama tunda lililoanza kuchacha. Bado mbichi kabisa. Mwenye eneo hayuko mbali.

Kutoka hapa sitembei tena ovyo. Hatua kumi, nasimama, natazama. Darubini ipitishe polepole kwenye mgongo wa kilima, chini ya miti mikubwa na kwenye miamba inayotokeza. Asubuhi kama hii akishakula machipukizi na vijiti hupenda kulala mahali anapoona bonde lote, akicheua. Usitafute umbo la mnyama mzima, utapitiwa. Tafuta jiwe lenye masikio.

Yule pale! Juu kushoto, chini ya mwaloni. Shusha sauti.

Mtambue hivi. Mwili mfupi mnene, miguu mifupi yenye nguvu, kilo 30 hadi 45 hivi. Manyoya ni mengi, ya kijivu, na shingoni na mashavuni yameng'aa karibu kuwa meupe, utadhani amejifunga shali. Rangi hubadilika sana: wengine hukaribia weupe, wengine ni kahawia iliyokolea, kwa hiyo rangi peke yake isikuamulie. Tazama pembe: mbili fupi, hazifiki urefu wa kiganja na vidole kwa mtu mkubwa, zimechongoka na kupinda kidogo kuelekea nyuma. Dume na jike wote wanazo, tena zinafanana. Usiniulize huyu ni yupi. Ungemwona na mtoto ningekwambia ni mama. Huzaa mmoja, mwezi wa tano au wa sita, na mtoto humfuata kwa karibu mwaka mzima.

Ametuona. Anatutazama moja kwa moja.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanaona hakimbii, wanadhani amewakubali, wanasogea na simu. Kamoshika ana tabia ya kusimama akamkodolea mtu macho kwa dakika nyingi. Zamani tabia hiyo ilimponza, kwa sababu mwindaji alipata muda wote anaouhitaji. Wawindaji wa milima ya kaskazini, wanaoitwa matagi, walimtaka kwa nyama na ngozi, na ujangili ukampunguza sana. Mwaka 1934 aliwekwa chini ya ulinzi wa taifa, na mwaka 1955 akapandishwa hadhi kuwa Kumbukumbu Maalumu ya Asili. Baadaye aliongezeka, akaanza kula miche ya hinoki, mti wa mbao wa Japani, iliyopandwa na wenye misitu, wakalalamika, na wao pia wana haki yao; katika baadhi ya mikoa hupunguzwa kwa kibali maalumu. Wewe na mimi hatuna kibali cha kumgusa.

Basi fanya hivi. Simama pale alipokuona, usipige hata hatua moja mbele. Shusha mabega, kaa chini polepole ukiweza. Usimkodolee, tazama pembeni kidogo, umrudie. Mimi huacha mita 50 au zaidi kati yetu. Ukisikia anapuliza pua kwa nguvu, "fshu!", na kupiga kwato chini, umemkaribia mno: rudi nyuma ulikotoka.

Dakika ya kumi na mbili sasa. Taya lake... tazama taya. Linazunguka. Ameanza kucheua tena, macho yamelegea, theluji iko mgongoni na haiyeyuki kwa jinsi manyoya yalivyo mazito. Sikio moja tu limebaki upande wetu.

Nazima kamera hapa, tunashuka kwa njia ileile tuliyopandia, yeye tunamwacha amelala.