Paa la Ghana, Ukuta wa Lamu

Assalaam aleikum, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi mafundi mlioko huko nyuma.

Tangu miaka ya 1950 nchi zetu zimepokea wataalamu wa makazi, na ushauri wao bado umo ndani ya sheria na mikopo yetu. Leo tuwapime kwa swali moja: je, waliuliza mwenye kujenga anakwama wapi?

Mwaka 1954 Umoja wa Mataifa ulituma ujumbe Ghana, ilipokuwa bado Gold Coast: Charles Abrams, Vladimir Bodiansky na Otto Koenigsberger. Watu kule walijua kusimamisha kuta za udongo kwa mikono yao. Pesa taslimu ilitakikana kwenye mbao na mabati, na ukuta usioezekwa hunyeshewa hata ukaanguka. Basi wakashauri mkopo wa paa: inua kuta kwanza, ndipo ukopeshwe cha kuezekea. Mkopo mdogo, unaolipika.

Dandora, Nairobi, mambo yalikwenda vingine. Mradi wa mwaka 1975, kwa fedha za Benki ya Dunia, ulipima viwanja kama 6,000, kila kimoja na choo, bafu na bomba. Mwenye kiwanja amalizie vyumba na akae humo. Wengi walipangisha au wakauza. Leo pamejaa magorofa ya kodi, na mifereji ya maji taka ni ile iliyopimiwa nyumba za chini.

Sasa hapa kwetu. Kuta za Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, ni matumbawe na chokaa, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Unyevu wenye chumvi hupanda kutoka chini. Chokaa huuachia utoke. Makadirio yanayoandikwa ofisini huweka saruji, kwa kuwa ndiyo yenye bei kwenye vitabu vyao. Saruji huziba. Chumvi hujikusanya nyuma yake, matumbawe yakageuka unga, plasta ikadondoka mabamba mabamba. Linalonitia uchungu zaidi ni vichwa vya boriti: huoza ndani ya ukuta bila mtu kuona, mpaka dari ilegee.

Dawa yake mafundi wanaijua. Bandua saruji yote, ukuta upewe kiangazi ukauke. Chokaa iroweke wiki kadhaa. Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga usiwe wa ufuoni, maana una chumvi ile ile unayoikimbia. Paka tabaka nyembamba, kila moja uinyunyizie maji siku kadhaa. Ikipigwa na jua mapema hupasuka.

Hapo ndipo mwenye nyumba wa Lamu anapokwama: kwenye kusubiri. Ruzuku inayotaka kazi iishe kwa wiki mbili humrudisha fundi kwenye saruji, hata akiwa anajua madhara yake. Anayetaka kuisaidia Mkomani aiandike chokaa kwenye orodha ya vifaa, na alipie siku za ukuta kukauka.